Nyongeza ya Mzee Murshid

Mzee Murshid alikuwa akiuza vitu vyake vyote huku ameziba masikio kwa pamba. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomshangaza Ghalib alipoingia mle chumbani, maana mfanyabiashara anayahitaji masikio kuliko hata macho, na mzee huyu alikuwa mfanyabiashara tangu ujana wake. Aliishi Guangzhou miaka mingi, mpaka Waswahili wa Xiaobei wakawa wanamwona kama sehemu ya mtaa. Sasa alikuwa anarudi Unguja moja kwa moja. Sufuria ya umeme ya kupikia wali, friji, feni, zulia, vyote vilipangwa sakafuni, na wateja ilibidi wapige kelele au waoneshe bei kwa vidole.

Ghalib alifuata feni. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwingi wa maneno na utani. Yeye na mkewe Kauthar walikuwa wakishonesha madera huko Kangle na kuyasafirisha kwa kontena hadi Dar es Salaam. Lakini ukitaka Ghalib anyamaze akusikilize, mtajie bunduki. Babu yake wa Handeni alimfundisha kupiga gobori angali mtoto, na kabla ya kwenda China alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha nyumbani, akashinda hata kikombe, ambacho Kauthar alikifanya cha kuwekea vijiko. Mzee Murshid aliyajua hayo. Nani asiyeyajua, na Ghalib mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyatangaza kila alipokaa kula?

Wateja wengine walipotoka, mzee akafunga mlango.

"Nina kitu chako," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, kisha akaishusha. "Cha shabaha."

Akakitoa kwenye mfuko wa mchele. Ilikuwa bastola ya kizamani, ile ya kushindiliwa baruti na risasi kwa mkono, tundu baada ya tundu, mpini wake wa mbao ukiwa umeng'arishwa na viganja vya watu waliokwisha kuzikwa. Mzee alisema aliinunua kwa mtu aliyekuwa akikodisha vyombo vya sinema. Mate yakamjaa Ghalib mdomoni. Alijua fika kwamba China bunduki ni jela, iwe nzima, iwe mbovu, iwe ya ukumbusho. Alijua pia kwamba hakuwa na njia yoyote ya halali ya kuifikisha Tanga. Lakini akili yake siku hiyo ilichukua likizo, tena iliondoka bila kuaga. Alishajiona kwenye uwanja wa klabu, moshi mweupe ukimfunika, wenzake wakipiga makofi.

Wakavutana bei kidogo, wakaelewana. Ghalib akaiviringa bastola ndani ya kanzu aliyokuwa ameibeba, akabeba feni yake. Alipofika mlangoni akafanya kile ambacho sisi sote hufanya, kile ambacho mama zetu walitufundisha sokoni kabla hatujajua kusoma. Aligeuka, akatabasamu.

"Sasa mzee wangu, hunipi hata nyongeza?"

Mzee Murshid akachomoa pamba ya sikio moja.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Nyongeza. Nimechukua feni, nimechukua na hii. Niongeze chochote."

"Umeomba mwenyewe. Mimi sikukutia maneno mdomoni."

"Nimeomba mwenyewe," Ghalib akacheka.

"Basi nimekupa. Imo humo humo ndani."

Mzee akachomoa pamba ya sikio la pili, akazitupa zote mbili dirishani. Akakaa juu ya zulia lake ambalo halijapata mnunuzi, akawa anasikiliza honi za pikipiki za barabarani na mtoto aliyekuwa analia ghorofa ya juu, machozi yakimchuruzika. Ghalib alidhani ni uchungu wa kuondoka. Akamuaga kwa heshima, akaenda zake. Hakuuliza nyongeza yenyewe ni nini, na hilo mimi nimeshindwa kumsamehe.

Kangle ni mtaa wa karakana za nguo, nyumba zimebanana mpaka jua linaingia kwa shida. Ghalib na Kauthar walikodi kona ya karakana moja, ghorofa ya tatu. Upande mmoja vyerehani na mafundi wa Kichina, upande wa pili marobota yao, meza ya kukunjia na sanamu la plastiki la kuvalishia madera. Mwenye karakana alikuwa mama mfupi mkali waliyemwita Laobani, yaani bosi, kama wafanyabiashara wote wanavyowaita wenye mali. Alikuwa na ndege wake wa manjano ndani ya tundu, aliyekuwa akimwimbia asubuhi nzima.

Mchana, baada ya kula, mafundi huzima taa na kulala. Ndiyo desturi yao. Kila mtu huweka kichwa juu ya vitambaa mezani, vyerehani vyote hunyamaza kwa pamoja, na mtaa mzima unaokuwa ukinguruma tangu alfajiri unakuwa kimya kama nyumba ya msiba. Kauthar alizoea kujinyoosha juu ya marobota. Ghalib hakuwa na usingizi wa mchana, kwa hiyo yeye ndiye aliyesikia.

*Krrk. Tak.*

Alijua ni nini kabla hajageuka. Ni nyundo ya bastola inavutwa nyuma na kukaa, mlio aliousikia maelfu ya mara. Alidhani kuna fundi aliyeichokora. Akanyata hadi kwenye sanduku la vifaa alikoificha, chini ya meza. Bastola ilikuwa ndani ya kanzu yake, imetulia, nyundo imelala. Ila harufu ya baruti ilimpanda puani, ile ya kiberiti na chumvi, ilhali bastola haikutiwa baruti hata punje.

Jioni ile Laobani aligomba. Sanamu la nguo lilikuwa na doa jeusi kifuani, la duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Wakalisugua kwa sabuni, wakalisugua kwa spiriti, likabaki pale pale.

Siku iliyofuata, mafundi walipolala, mlio ule ukaja tena, na safari hii ukafuatwa na mshindo ambao Ghalib aliusikia hadi kwenye meno, mshindo wa kuangusha ukuta, lakini hakuna fundi aliyeinua kichwa, na Kauthar aligeuka tu upande wa pili akaendelea kulala. Sanamu lilikuwa limeanguka. Pale palipokuwa na doa palikuwa na tundu, plastiki imeyeyuka kingoni, moshi mwembamba unatoka.

Baada ya sanamu ikawa zamu ya ndege. Doa lilimtokea kwenye manyoya ya manjano ya kifua, Laobani akadhani ni uchafu wa chakula. Mchana mlio ukapigwa, mshindo ukafuata, na mafundi walipoamka ndege alikuwa sakafuni mwa tundu lake, miguu juu, mwili hauna jeraha lolote ila unanuka baruti. Laobani alilia kwa kwikwi mbele ya watu wote. Ghalib naye akajua asichotaka kujua. Kitu kile kilikuwa kinafanya alichokuwa akifanya yeye klabuni. Kilikuwa kinajizoeza, kinaanza na vitu, kinapanda.

Ikabidi amweleze Kauthar. Alipoifunua ile kanzu, mkewe alirudi nyuma hadi akagonga ukuta.

"Umeniletea jela ndani ya chumba?" alinong'ona. "Ghalib, una wazimu?"

"Jela ndiyo nafuu. Kuna kitu humu."

"Kitupe. Leo hii. Sasa hivi."

Wakaenda pamoja kabla jua halijatua, Ghalib akaitosa mtoni kutoka darajani, wakasimama wakaangalia mapovu mpaka yakaisha. Kauthar akamshika mkono njiani kurudi, jambo ambalo hakulifanya hadharani siku nyingi. Kesho yake mchana Ghalib akasikia *krrk*, *tak*, kutoka chini ya meza. Bastola ilikuwa sandukuni, kavu. Kanzu ilikuwa imekunjwa vizuri, mikono ndani, kola juu, namna ile ile Kauthar anavyokunja. Kauthar akaapa hakuigusa.

Na ni siku hiyo hiyo, Kauthar akijaribu dera jipya mbele ya kioo, aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi nimejipaka nini hapa kifuani?"

Ghalib alimvua lile dera, akampa jingine, nalo likawa na doa mahali pale pale, upande wa moyo, akampa la tatu, doa likawepo, ndipo akashusha kitambaa akaona kwamba doa halikuwa kwenye nguo bali kwenye ngozi, jeusi, la duara, na akalisugua kwa sabuni na kwa limau na kwa kanga iliyoloa mpaka mkewe akapiga kelele kwamba anamchuna, na lenyewe likazidi kung'aa tu kama wanja. Wakakaa sakafuni wameshikana. Hapakuwa na haja ya kuelezana.

Bi Kazija alikuwa mama wa Kiunguja aliyewapikia wafanyabiashara pale Xiaobei, na waliomjua vizuri walimjua pia kwa kisomo na kupunga majini. Ghalib alimwita, akafika na kifurushi cha ubani ndani ya mkoba wa mboga.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Wapi kilipo?"

Alisubiri mafundi walale. Akamlaza Kauthar juu ya robota, akamfunika kanga kuanzia miguuni hadi kichwani, akamsomea mpaka pumzi zake zikawa za mtu aliyesinzia. Kisha akawasha ubani ndani ya kikombe cha chai na kukiweka kando ya bastola. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukapinda. Ukaanza kushuka. Uliingia kwenye matundu ya silinda, moja baada ya jingine, kimyakimya, kama kuna mtu humo ndani anauvuta, na mtutu, ambao Bi Kazija aliuelekeza ukutani kwa mkono wake mwenyewe, ulikuwa umeshageuka unamtazama Kauthar bila ya mtu yeyote kuuona ukigeuka. Bi Kazija akaufunika ubani kwa kiganja. Jasho lilikuwa limemlowesha ukaya wake wa kichwani.

"Huyu hakuvamia," alinong'ona. "Huyu kaalikwa. Jini aliyealikwa mimi simtoi kwa kisomo. Siku uliyonunua, uliomba nini?"

Ghalib akasema, "Nyongeza."

"Ukapewa."

"Nikapewa."

"Basi. Atatoka alivyoingia. Mtu amwombe kwa kinywa chake, bila ya kuambiwa aombe, na wewe ukubali kumpa. Murshid alikuwa na mke hapa hapa, na watoto wawili. Ulipata kuwaona?"

"Hapana."

"Hakuna aliyewaona tena. Alikuja kwangu nikamwambia maneno haya haya. Akaziba masikio asisikie ile nyundo, akakaa miaka anamwogopa Mungu. Mwisho akachoka."

"Mwambie anilenge mimi, Bi Kazija. Nakuomba."

"Wewe ndiye mwenye bunduki. Mwenye bunduki halengwi." Alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake. "Atapiga kesho, au keshokutwa. Na mtu wa kumbebesha mimi sikutafutii. Hilo ni lako na Mola wako."

Ghalib hakumwambia Kauthar. Aliapa moyoni kwamba hatamtwisha mtu mwingine, na nadhani aliapa kweli. Alifikiri angesimama mbele ya mkewe mchana kutwa, mwili wake uwe ngao. Ndio mpango wote aliokuwa nao.

Asubuhi yake wakaja wakaguzi wa moto. Huja Kangle mara kwa mara, wanapanda ghorofa kwa ghorofa, wanafungua kila sanduku kutafuta mafuta na vitu vya kulipuka. Ghalib alisikia buti zao ngazini. Akainyakua bastola na kuichomeka ndani ya robota lililokuwa wazi, katikati ya madera, kisha akaitwa aoneshe pasipoti na kibali. Akaulizwa hili, akaulizwa lile. Aliporudi, fundi alikuwa ameshashona mdomo wa robota na kuandika alama ya mteja kwa wino mwekundu. Alama ilikuwa ya Martina.

Martina alikuwa mfanyabiashara wa Mbeya, mnene, mwenye kicheko, rafiki wa Kauthar kupita ndugu. Kila safari hakukosa kuonesha picha za binti yake Joyness kwenye simu, na humo robotani Kauthar alikuwa ametia kidera kidogo alichomshonea mtoto huyo kwa mkono wake. Mzigo wake ulikuwa wa kesho. Ghalib akasema moyoni atalifumua mafundi wakilala.

Taa zikazimwa. Akachukua mkasi. Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Hodi jamani!" Martina aliingia kwa kunong'ona alipoona watu wamelala. "Shem, nisamehe, wakala kasema kontena linafungwa leo bandarini Huangpu. Gari liko chini. Nibebesheni chapuchapu."

"Dada Martina, subiri kidogo, hili robota—"

"Lina nini?"

"Nataka kulihakiki."

"Mimi na nyie tuhakikiane? Hebu acha."

Wachukuzi wawili waliokuja naye wakaanza kushusha. Kauthar alikuwa amekaa juu ya rundo la vitambaa, kanga mabegani, amekonda kwa siku zile chache, lakini alimtabasamia shoga yake. Ghalib akamsogelea asimame mbele yake, na hapo akaona kwamba lile doa lilikuwa limezungukwa na duara la pili, jembamba, na nje yake la tatu, kama karatasi za shabaha za klabuni, na yote yalikuwa yanaonekana juu ya kanga, na kutoka ndani ya robota la Martina, chini ya nguo zote zile, polepole, kwa raha ya mtu ambaye hana haraka, nyundo ikaanza kuvutwa.

*Krrk.*

Robota hilo lilibaki la mwisho. Mchukuzi akaliinamia. Martina akajishika kiuno, akaangua kicheko chake.

"Sasa shem, hunipi hata nyongeza?"

Hakuna aliyemtia maneno mdomoni.

"Mpe, mume wangu," Kauthar akasema. "Mwenzetu kachukua mzigo mkubwa."

Ghalib alikuwa na mkasi mkononi. Hatua moja tu angelifikia lile robota, angekata uzi, angesema, Martina usiombe, toka, kimbia. Alimwona Joyness wa kwenye picha, meno ya mbele hayapo. Akamwona Kauthar na yale maduara matatu. Nyundo ilikuwa bado haijakaa.

"Imo," alisema. Sauti haikuwa yake. "Imo humo humo ndani."

"Asante, shem. Mungu akubariki!"

Robota likabebwa likateremka ngazi. Ghalib akasimama vile vile, mpaka gari lilipowaka huko chini. Alipogeuka, kanga ya Kauthar ilikuwa safi, na Kauthar anapiga miayo, anauliza kama kulibaki wali. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika. Alilia, na Kauthar akadhani ni furaha, na furaha ilikuwemo pia.

Siku zikapita. Doa halikurudi, sandukuni mlikuwa na nyundo za kawaida na misumari, na Kauthar akaamini ni kisomo cha Bi Kazija. Ghalib alianza tena utani wake, ila kila simu ya Kauthar ilipolia alikuwa akitoka nje. Wiki kadhaa baadaye, mchana, mafundi wamelala, ujumbe wa sauti ukaingia na Ghalib hakuwahi kutoka. Kauthar akaweka simu katikati yao na kuushusha sauti.

"Shoga yangu Kauthar!" Alikuwa Martina, mchangamfu, kelele za dukani nyuma yake. "Mzigo umefika salama, nashukuru Mungu. Joyness kavaa kidera chako hataki kukivua, anakusalimia. Ile nyongeza yenu sijaiona bado, nimebakiza robo ya robota sijafungua. Ila shoga, hebu niambie, huyu mtoto ana kidoa cheusi kifuani, cha duara, nimekisugua mpaka analia. Hivi wino wa vile vitambaa hutoka kwa—"

Hapo nyuma ya sauti yake, karibu kabisa na simu, kikasikika.

*Krrk. Tak.*

Ujumbe ukaishia hapo. Kauthar hakuurudia. Mkono wake ulipanda polepole hadi kifuani, upande wa moyo, ukakaa pale. Akamtazama mumewe.

"Ghalib," alinong'ona. "Ile nyongeza uliyompa Martina ilikuwa nini?"

Vidole vya Ghalib vilikuwa vimeshaingia kwenye gunia la pamba za kujazia mabega, vinasokota mbili, ndogo, za kumtosha masikioni.